Kitale na Bungoma: Mashine ya Kukaushia Kabla ya Ekari

Swali: Nina akiba kidogo. Je, ninunue shamba la mahindi Kitale au Bungoma?

Jibu: Nakushauri uiweke akiba hiyo kwenye ukaushaji na uhifadhi wa nafaka kabla ya kufikiria ardhi. Kaunti ya Trans Nzoia, uliko mji wa Kitale, ni ghala la mahindi la Kenya, na Kampuni ya Mbegu ya Kenya ina makao yake makuu Kitale. Mbegu na wakulima hodari hawakosekani. Hasara huanza baada ya kuvuna. Mvua ikikuta mavuno ya Oktoba hadi Desemba, mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5 huota kuvu, hukataliwa kwenye maghala ya serikali, kisha huishia kwa dalali kwa bei ya kutupa. Mashine ya kukaushia inayomilikiwa kupitia chama cha ushirika humpa mkulima nafasi ya kusubiri bei nzuri, na chini ya Sheria ya Stakabadhi za Maghala ya 2019, nafaka iliyohifadhiwa inaweza kuwa dhamana ya mkopo. Utasema mahindi ya Uganda yanaweza kuangusha bei. Ni kweli, ndiyo maana pato lako litokane na ada ya kukausha kila gunia, lisitegemee kubahatisha soko.