Tangi Linalovuja: Chokonoa Kwanza, Moto Baadaye

Doa la petroli chini ya pikipiki asubuhi si ushahidi kwamba tangi limetoboka. Kwenye pikipiki za zamani, zile Honda CG 125 na Yamaha DT za miaka ya sabini na themanini ambazo wenyewe bado wanazihangaikia spea, mtuhumiwa wa kwanza ni koki. Raba zake hukauka na kukatika, petroli ikapenya taratibu, ikafuata mpira wa kabureta, na mwisho ikadondokea mahali pasipohusiana kabisa na ilikotokea. Kuna matangi yamefikishwa kwa mchomeleaji na kuunguzwa rangi bure, kumbe kilichohitajika ni oringi moja.

Kwa hiyo anzia hapo. Kausha tangi lote kwa kitambaa, funga koki, zungushia kipande cha tishu pale koki inapoingia kwenye tangi na kingine kwenye mdomo wake wa chini, kisha iache pikipiki kama nusu saa. Cha juu kikilowa, tatizo ni gasketi au oringi ya koki. Cha chini kikilowa, koki yenyewe haifungi. Kama uvujaji unaonekana koki ikiwa wazi tu, fungua kabureta uangalie floti na sindano yake. Vyote vikibaki vikavu na harufu bado ipo, hapo ndipo unavua tangi.

Ikikukuta njiani, chukua sabuni ya mche iliyo kavu uisugue kwa nguvu juu ya kitundu mpaka ijae ndani. Sabuni haiyeyuki haraka kwa petroli, itakufikisha nyumbani. Bigijii, ambayo kila msamaria mwema barabarani huishauri, hulainika ikateleza. Silikoni ya tyubu usiiguse kabisa: petroli huivimbisha, ikabanduka vipande, na vipande hivyo huishia kuziba koki.

Ili ujue pa kutafuta, lijue kwanza tangi lilivyoundwa. Honda waliitoa CG 125 mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubebeshwa mzigo mzito na oili hubadilishwa siku ikikumbukwa. Ndiyo maana waliipa injini ya pushirodi badala ya kemshafti ya juu, ambayo oili chafu huiua mapema. Injini hiyo imeigwa mno China, na bodaboda wengi leo wanaendesha vitukuu vyake bila kujua. Tangi halikupewa uimara wa namna hiyo. Ni maganda mawili ya bati la chuma, unene wake kama milimita moja au pungufu, yaliyobanwa na kuchomelewa pamoja kwenye mshono wa chini, na katikati limeingia ndani ili likalie fremu. Kwa umbo hilo lina mifuko miwili, kushoto na kulia, na koki iko upande mmoja tu.

Maji ni mazito kuliko petroli. Yaliyoingia kwa mfuniko mbovu wakati wa masika, yaliyokuja na petroli ya chupa, na yale yanayotokana na unyevu wa hewa ndani ya tangi lililoachwa nusu, yote huzama na kulala mfukoni. Upande wa koki hutoka kidogo kidogo. Upande wa pili hayana pa kwenda. Ukiambiwa ubashiri shimo lilipo kabla ya kuliona tangi, sema upande usio na koki, kando ya mshono, na mara nyingi utapatia. Sehemu nyingine za kuangalia ni chini ya raba zinazoshikilia tangi, ambako mchanga hunasa na kusaga rangi, na pembeni mwa vishikio vilivyochomelewa, ambako mtikisiko hupasua bati.

Tofautisha ufa na tundu. Ufa wa mtikisiko ni mstari mwembamba na bati lililouzunguka ni zima. Tundu la kutu ni nukta, na bati lililolizunguka limeoza, kwa sababu kutu ilianzia ndani na unachokiona nje ni mwisho wa kazi yake. Jirani na nukta hiyo yapo matundu mengine yanayozuiwa na rangi tu, au na kutu yenyewe. Ukiziba hilo moja na kurudisha tangi, baada ya wiki chache lingine litafunguka sentimita moja pembeni, nawe utamlaumu fundi aliyeliziba la kwanza vizuri tu.

Petroli imwage nje, mahali pa wazi, kwenye dumu la chuma lenye mfuniko, mbali na jiko la mkaa, hata kama ni la jirani. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, hivyo hutambaa chini na kufika mbali kabla pua yako haijashtuka. Na usidanganyike kwamba tangi tupu ni salama kuliko lililojaa. Mvuke wa petroli huwaka unapokuwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi ya hewa. Tangi lililomwagwa likaachwa wazi lazima lipitie hapo, na matone yaliyojificha kwenye mikunjo ya mshono yanatosha kulirudisha hapo hata baada ya siku kadhaa.

Vua mfuniko, koki na kichujio chake, kisha osha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, tena na tena, hadi harufu iishe. Vaa glavu. Nchi za kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yenye risasi kufikia mwaka 2006, na tope lililoganda kwenye tangi la kabla ya hapo linaweza bado kuwa na risasi hiyo. Kulegeza kutu, wengi hutia nati na kokoto na kutikisa. Mnyororo mfupi ni bora, maana ukiuvuta unatoka wote. Ukitumia nati zihesabu zinapoingia na zinapotoka.

Kutu iliyong'ang'ania inataka dawa, na dawa ninayoipenda inauzwa kwa wafugaji: molasi. Changanya sehemu moja ya molasi kwa tisa za maji, ziba tundu la koki kwa kipande cha tyubu kilichobanwa na kibati, jaza tangi hadi shingoni, liache wiki mbili hivi. Usikaze mfuniko, kwa sababu mchanganyiko huchacha na kutoa gesi, na usiache kitu chochote cha aluminiamu ndani, maana molasi hukila. Inanuka, majirani watauliza, lakini hula kutu na kuliacha bati likiwa zima. Siki hufanya kazi hiyo kwa siku mbili tatu, ila ukiisahau itaanza kula na chuma, na baada yake lazima usuuze kwa maji ya magadi kuiua asidi. Wanaomimina tindikali ya betri huondoa kutu kweli, na wakati mwingine huondoa na tangi.

Ukishasuuza, bati tupu hupata kutu mpya ya kahawia hata kabla halijakauka vizuri. Kwa hiyo panga siku: asubuhi suuza kwa maji ya moto, kausha kwa jua na mashine ya kukaushia nywele, mchana ziba. Ukilipaka oili ili lisubiri hadi kesho, kesho utaanza upya kuosha.

Sasa kuchokonoa, hatua ambayo mafundi wengi huiruka. Kwangua rangi kwa upana wa kiganja kuzunguka kitundu, kwa msasa na brashi ya waya; grainda iache, bati hili halina unene wa kupoteza. Shika bisibisi nyembamba au msumari uliochongoka, sukuma kwa mkono, pointi kwa pointi, kuanzia mbali na kitundu ukikisogelea. Bati zima hugoma na kutoa mlio mkali. Bati bovu hutoa sauti butu, hubonyea kidogo, kisha ncha inazama ndani na unga wa kutu unabaki kwenye bisibisi. Endelea mpaka kila upande ugome. Tundu la sindano litakuwa la harage, pengine la sarafu. Inauma kulitoboa tangi kwa mkono wako mwenyewe, lakini hilo ndilo tundu la kweli. Kisha ingia chumba cha giza, tumbukiza taa ndogo ya tochi ndani, uone kama kuna nyota nyingine zinazowaka kwenye mshono.

Kwa tundu la kutu napendelea lehemu kuliko kuchomelea. Lehemu ya bati na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 190 hivi, wakati kuunganisha kwa shaba nyeupe au njano kwa gesi kunataka mamia ya nyuzi zaidi, na umeme ukigusa bati lililoliwa na kutu hutengeneza shimo jipya pembeni ya lile ulilokuja kuziba. Joto dogo pia huiokoa rangi ya juu, jambo kubwa kwa pikipiki ambayo bado ina rangi ya kiwandani. Funika sehemu zinazozunguka kwa vitambaa vilivyoloweshwa maji.

Mtu wa kumtafuta si lazima awe fundi pikipiki. Mafundi bati wanaotengeneza vibatari, ndoo na karai, kama wale wa Kamukunji jijini Nairobi, wanaijua kazi hii vizuri kuliko gereji nyingi. Kata kiraka cha shaba au bati jembamba kinachozidi tundu kwa sentimita moja kila upande, kiviringe pembe ili zisikwanyue. Sugua bati la tangi hadi ling'ae jeupe, paka dawa ya kulehemia ya chuma. Solda ya redio yenye dawa yake ndani haishiki hapa. Ipake lehemu sehemu ya tangi peke yake, kisha kiraka peke yake, ndipo uvikutanishe na kuvipasha pamoja mpaka lehemu ichungulie ukingoni pande zote. Ukingo ambao haikuchungulia utavuja. Mwisho osha kwa maji ya moto na magadi, maana dawa ile ni asidi na ikibaki itaanza kutu upya chini ya rangi.

Ufa wa mtikisiko hautibiki hivyo. Lehemu ni laini, na mtikisiko ulioupasua ufa utaupasua tena. Huo toboa kitundu kidogo kwenye kila ncha yake ili ufa usiendelee, kisha umpelekee mchomeleaji wa gesi au wa argoni aliyezoea bati jembamba. Hata chuma cha kulehemia kilichotoka motoni kinaweza kuwasha mvuke, sembuse mwali wa gesi, kwa hiyo tangi lioshwe tena siku hiyohiyo. Liinamishe ufa ukae juu, lijaze maji hadi karibu na ufa ili nafasi ya hewa ibaki ndogo, na acha mdomo wazi. Wengine huingiza moshi wa ekzosi. Moshi huo huweza kubeba petroli isiyoungua na hewa pia, hivyo hauaminiki. Kupuliza kizimamoto cha kaboni dayoksaidi ndani ni kubaya zaidi, kwani mpulizo wake huzalisha umeme tuli. Mchomeleaji akinusa mdomoni mwa tangi na kusema "hamna kitu humu" huku anawasha, lichukue tangi lako uondoke.

Gundi ya tyubu mbili inafaa kwa kitundu kimoja cha mshono kwenye bati zima, ikiwa imeandikwa wazi kwamba inahimili petroli. Dawa za kupaka ndani ya tangi, kama POR-15 na Caswell, ni nzuri juu ya bati safi lililokwisha kuzibwa. Kuzimimina juu ya kutu ili zizibe matundu ni kujitafutia ngozi inayobanduka ndani ya petroli, na baadhi ya dawa za zamani huyeyushwa na ethanoli iliyochanganywa kwenye petroli ya nchi nyingi siku hizi.

Kabla ya kupaka rangi, jaribu. Koroga chokaa nyepesi, ipake nje juu ya kiraka na mshono wote, iache ikauke. Mimina mafuta ya taa ndani kiasi cha kulowesha sehemu hiyo, ukiligeuza tangi inapobidi. Mafuta ya taa hupenya mahali ambapo maji hayapiti, na yakipenya, chokaa nyeupe hupata doa jeusi ambalo huwezi kulikosa. Acha usiku kucha. Upepo wa kompresa usitumie. Bati jembamba litavimba na umbo halirudi.

Likipita, rudisha raba za tangi zikiwa mpya, koki ikiwa na gasketi mpya, na weka filta ya mafuta kwenye mpira wa kabureta, ya plastiki angavu ili uone ndani. Jaza petroli siku hiyohiyo na ulizoeze tangi kujaa, hasa masika. Filta ikipata wekundu wiki ya kwanza, ibadilishe tu, ni mabaki. Ikipata wekundu mwezi wa tatu, fungua mfuniko uangalie mfuko wa upande usio na koki.