Chembe Zikumbukazo Mwanzo Wake
Na Mwalimu wa Fizikia

Muhula uliopita niliwafundisha wanafunzi wa Kidato cha Tatu habari za joto. Nilimimina maji ya moto katika maji ya baridi, tukatazama kipimajoto mpaka kikatulia. Kisha nikaandika ubaoni: "Vitu vyote vilivyochanganyika hufikia msawazo, na vikisha kufikia hupoteza habari za mwanzo wake." Maana ukiyapima maji yaliyotulia, huwezi kujua kama yalichanganywa ya moto na ya baridi, au yalikuwa vuguvugu tangu asili.

Mwanafunzi mmoja alisimama akauliza, "Mwalimu, ni vyote kweli?" Nikamjibu kwa ukali kidogo kwamba ni vyote, nikamwambia akae. Tangu hapo nimesoma zaidi, nami naona ni haki nimjibu upya mbele ya shule nzima.

Kwanza yafaa kujua spini. Elektroni ina tabia kama ya sumaku ndogo sana, na ikipimwa huonekana katika hali moja ya mbili: juu au chini. Tabia hiyo ndiyo spini. Spini nyingi zikiwa karibu huathiriana, na kwa kawaida mpango wake wa kwanza hupotea upesi, kama yale maji.

Mwaka 2017 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, pamoja na wenzao, walitangaza jaribio moja. Walipanga atomi 51 za rubidi katika mstari, kila moja imeshikwa kwa mwanga wa leza. Kila atomi ilitumiwa katika hali mbili, ya chini na ya juu, kwa hiyo hesabu yake ni kama ile ya spini. Tena palikuwa na sharti: atomi ikiwa juu, jirani yake haiwezi kupanda.

Zilianza kwa kupishana: juu, chini, juu, chini. Leza za kuzipandisha na kuzishusha zilipobadilishwa ghafla, za juu zikashuka na za chini zikapanda. Kisha zikarudi kama mwanzo, tena na tena, mfano wa bembea. Zaidi ya hayo, hesabu zaonyesha kwamba zikianza zote chini, husahau upesi. Basi mambo yategemea mwanzo wenyewe. Mwaka 2018 hali chache za pekee zinazoleta jambo hili zilipewa jina la makovu ya kwantamu.

Lakini tusizidishe. Hata bembea ile ilififia polepole. Hata hivyo, wanaotengeneza kompyuta za kwantamu wanatafuta sana njia za kuzuia chembe zisisahau upesi, na habari hizi zaweza kuwafaa.

Chai yenu itaendelea kupoa kama zamani. Ila neno "vyote" nimelifuta. Nawe uliyeuliza, swali lako lilikuwa jema. Aliyekosea ni mwalimu wako. Siku nyingine nikikuambia ukae, kaa, lakini usiache kuuliza.