Kabla Programu ya Mazishi Haijaenda Kuchapishwa

Hudhuria mazishi matatu ya wazee mwezi mmoja hapa Kakamega, Ikolomani, Shinyalu hata Malava, na huenda ukasikia wasifu uleule mara tatu. Mzee alizaliwa mwaka fulani, akasoma shule fulani, akaoa, akajaliwa watoto kadhaa, kisha akaugua kwa muda mfupi na kuitwa na Mola. Ukibadilisha jina, karatasi inamfaa mzee wa boma la pili. Si kwamba wanawe hawakumpenda. Wasifu huandikwa usiku wa Alhamisi, kamati ikihesabu michango, na kazi hupewa mwenye kompyuta, mara nyingi mjukuu aliyefika juzi kutoka Nairobi.

Ushauri wangu: andikeni wasifu mara mbili. Wa mazishi uwe ukurasa mmoja, wa kusomwa dakika tano, maana jua ni kali na wanasiasa bado wanangoja zamu. Wasifu kamili uandaliwe kwa ajili ya hafla ya makumbusho, ambayo kwetu huja mwaka mmoja baadaye, au hata zaidi, familia ikishapata pesa za kujengea kaburi. Muda huo wa katikati ndio wa kuuliza, kusahihisha na kukusanya picha.

Anza na karatasi, kwa kuwa zinatakiwa hata hivyo. Mzee akifia nyumbani, naibu wa chifu ndiye anayepokea taarifa na kutoa kibali cha mazishi. Akifia hospitalini, hospitali ndiyo inayoandika taarifa ya kifo. Kifo kisajiliwe ndani ya miezi 6, la sivyo mtaingia kwenye usajili wa kuchelewa wenye safari nyingi. Cheti cha kifo kitaulizwa benki, kwenye pensheni na mahakamani. Hapo hapo linganisha majina ya mzee kwenye kitambulisho na hatimiliki ya shamba. Herufi moja ikipishana, kesi ya urithi huanza na viapo.

Tarehe ya kuzaliwa ndiyo huwashinda wengi. Huenda kitambulisho kinasema 1935 kwa sababu karani alimtazama mzee usoni akakadiria. Usiinakili tu, pima kwa matukio. Dhahabu ilipopatikana Kakamega mwaka 1931 na Wazungu wakamiminika na mahema yao, alikuwa tayari anachunga mbuzi? Vita Kuu ya Pili ilipokwisha 1945, alikuwa ametahiriwa? Mafuriko ya 1961 yalimkuta wapi? Kiwanda cha Mumias kilipoanza kusaga miwa 1973, alikuwa na watoto wangapi? Kwa Wabukusu wa Lugari na Likuyani, ambao hutahiri miaka inayogawika kwa mbili, jina la rika lake na wenzake waliotahiriwa naye litakusogeza karibu zaidi. Kama alikuwa Mkatoliki, daftari la ubatizo la parokia linaweza kuwa na mwaka pamoja na majina ya wazazi. Misheni ya Mukumu, kwa mfano, ipo tangu 1906.

Kisha watu. Mama aulizwe, lakini asiulizwe peke yake. Mtafute aliyefanya kazi na mzee, dada yake aliyeolewa mbali, na yule rafiki wa kunywa naye busaa ambaye kamati haimtaki karibu na kipaza sauti. Maswali ya jumla huzaa majibu ya jumla: ukiuliza mzee alikuwa mtu wa aina gani, utaambiwa alikuwa mcha Mungu na mchapakazi. Uliza mshahara wake wa kwanza ulikuwa kiasi gani na alinunua nini. Uliza fahali wake wa kupiganisha aliitwa nani na alishindwa na nani. Kama alipiga ngoma ya isukuti, uliza alishika ipi: kubwa, ya kati au ndogo. UNESCO iliiweka isukuti ya Waisukha na Waidakho mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, kwa hiyo kuwa na kuka, yaani babu, aliyeipiga si jambo la kuachwa nje ya ukurasa.

Orodha ya familia isiharakishwe. Wake wote waandikwe kwa mpangilio wa ndoa, watoto wa kila nyumba, mabinti walioolewa, na watoto waliotangulia mbele ya haki. Jina likirukwa, mwenye jina atasimama palepale kaburini, na sitamlaumu. Wasifu si hati ya kisheria, ila chifu atakapoandika barua ya kuwataja walioachwa na marehemu, kila mtu atakumbuka kilichosomwa. Na Sheria ya Urithi, Sura ya 160, haimwondoi binti kwa sababu ameolewa.

Picha ziandikwe nyuma kwa penseli, si kwa biro ambayo wino wake hupenya: nani, wapi, mwaka gani. Sauti zirekodiwe kwa simu katika Kiluhya anachokizungumza msimulizi, tafsiri ifuate baadaye, na nakala zikae kwa watu wawili wanaoishi nyumba tofauti. Wabukusu na Watachoni wana njia yao ya kale zaidi: mzee mwenye wajukuu akishazikwa, mjuzi wa kumuse husimama mbele ya watu na kusimulia asili ya ukoo, huku akiwaonya walio hai. Kama kwenu bado yupo mtu wa kazi hiyo, mwombeni ruhusa kwanza, kisha mrekodi tangu mwanzo hadi mwisho.

Na kama kuka bado yu hai, huhitaji kamati wala programu. Nenda Jumapili hii baada ya ibada, keti naye chini ya mwembe, washa simu, uanze na lile swali la mshahara wa kwanza.