Madigadi ya Baiskeli ya Resi: Pima Nafasi Kabla ya Kununua



Mvua ndefu zikianza mwezi wa Machi, na zile fupi mwezi wa Oktoba, mtu wa baiskeli huwa na shida yake. Anatoka nyumbani akiwa safi, anafika kazini na mstari wa matope kuanzia kiunoni mpaka shingoni. Mwalimu hawezi kusimama mbele ya darasa hivyo, na muuguzi hawezi kuingia wodini hivyo.

Wenye Black Mamba hawaijui sana shida hii, kwa sababu baiskeli hiyo huja na madigadi ya chuma tangu dukani. Lakini watu wengi sasa wananunua baiskeli za resi za mitumba. Ni nyepesi na zinakimbia kwa lami. Tatizo ni kwamba zilitengenezwa kwa mashindano, na mwenye kushindana hataki madigadi. Kwa hivyo tairi imekaa karibu sana na breki na fremu. Je, madigadi yataingia wapi? Hilo ndilo somo letu la leo.

Faida si nguo tu

Maji yanayorushwa na tairi hubeba mchanga. Mchanga huo huingia kwenye cheni, kwenye beringi za usukani na za pedali, halafu unasaga chuma polepole kama jiwe la kunolea. Cheni ikilika, inaharibu na meno ya gia. Madigadi mazuri hupunguza gharama hizo. Pia yanamsaidia mwenzako anayefuata nyuma asile matope yako.

Hatari iko wapi?

Madigadi yakibanana na tairi, hasa ya mbele, yanaweza kumwangusha mtu. Kijiti au kipande cha waya kikishikwa na tairi na kuvutwa ndani, madigadi hujikunja na gurudumu la mbele husimama ghafla. Mwendeshaji anarushwa juu ya usukani. Kwa hivyo fundi akikwambia, "Mama, hii itaingia tu, tutaigonga kidogo," mjibu kwa upole, "Hapana fundi, tupime kwanza."

Jinsi ya kupima

Huhitaji chombo cha ghali. Chukua penseli ya kawaida ya shule. Unene wake ni kama milimita 7. Jaza tairi upepo vizuri, kisha jaribu kupitisha penseli juu ya tairi mahali hapa patatu:

1. Mbele, chini ya breki, pale foku inapokutana na fremu.
2. Nyuma, chini ya breki ya nyuma.
3. Chini nyuma ya bomba la kiti, karibu na pedali.

Sababu ni hii: madigadi yenyewe pamoja na kibati chake huchukua milimita 2 au 3, na kati ya madigadi na tairi ziache angalau 4 au 5. Penseli ikipita mahali pote patatu bila kusukumwa, unaweza kufikiria madigadi kamili. Ikikwama hata mahali pamoja tu, usilazimishe.

Halafu soma namba kwenye ubavu wa tairi. Ukiona 700x25C, hiyo 25 ni upana wa tairi kwa milimita. Madigadi lazima yawe mapana kuliko tairi, la sivyo maji yatatoka pembeni. Kwa tairi ya 25, tafuta madigadi ya upana wa kama milimita 35. Pima pia kama upana huo utapita katikati ya miguu ya foku.

Usidanganyike na madigadi ya Black Mamba kwa sababu ni bei nafuu. Rimu ya Black Mamba ya 28 x 1½ ni kubwa: tairi hukaa kwenye duara la milimita 635, na ile ya 700C kwenye duara la 622. Mkunjo wake haulingani, na upana wake hautaingia.

Chagua kati ya aina tatu

Madigadi kamili. Yanapita chini ya breki na kufunika sehemu kubwa ya gurudumu. Ndiyo yanayokinga vizuri zaidi. Yanahitaji nafasi tuliyopima, na vitundu vya skrubu karibu na ekseli za magurudumu. Kama fremu ni ya chuma na haina vitundu, fundi anaweza kutumia vibano vyenye raba ndani.

Madigadi ya vipande viwili. Haya hukatwa pale kwenye breki: kipande kimoja mbele ya breki, kingine nyuma yake. Hakuna kinachopita chini ya breki, kwa hivyo yanafaa pale penseli ilipokwama. Maji kidogo yatapenya kwenye pengo hilo, lakini mgongo na miguu vitabaki vikavu kiasi.

Madigadi ya kufunga kwa raba. Huunganishwa kwenye foku na fremu kwa mipira, hayahitaji skrubu wala vitundu. Ni mepesi kutoa kiangazi. Ubaya wake ni kwamba hucheza kwenye mashimo na kugusa tairi, hivyo yakague kila mara.

Je, ikiwa unataka madigadi kamili na zimebaki milimita chache tu? Unaweza kubadilisha tairi ya 28 kwa ya 25, na utapata kama milimita 3 juu yake. Lakini kumbuka, tairi nyembamba huumia haraka kwenye murram na huhitaji upepo mwingi. Usiuze starehe ya mwaka mzima kwa sababu ya miezi michache ya mvua.

Angalia pia barabara yako

Anayepita lami tu anaweza kuishi na nafasi ndogo. Lakini ukipita kwenye udongo mweusi unaonata, kama ule wa Mwea au tambarare za Kano, mambo ni tofauti. Udongo ule hujaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu likatae kuzunguka. Hapo afadhali aina ya raba ambayo unaweza kuitoa kwa mkono, au ubebe kijiti cha kukwangua. Hata hivyo, usikwangue gurudumu likizunguka!

Wakati wa kufunga

- Geuza usukani kulia na kushoto ukiwa umeweka mguu kwenye pedali. Kwenye baiskeli za resi ncha ya kiatu inaweza kugusa madigadi ya mbele. Ikigusa, jihadhari unapokata kona polepole.
- Ukipata madigadi ya mbele ambayo vyuma vyake vina vishikio vya kuachia vyenyewe kitu kikikwama, chagua hayo.
- Kata ncha za vyuma zilizozidi na uzifunike, zisije zikamchoma mtoto.
- Tumia washa na nati za kujikaza, kisha kaza tena baada ya wiki moja.
- Ongeza kipande cha tyubu kuukuu chini ya madigadi ya mbele. Kinakinga viatu na cheni, na gharama yake ni karibu bure.
- Mwisho, inua gurudumu na ulizungushe. Ukisikia mkwaruzo hata kidogo, rekebisha kabla hujapanda.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika njia tunazopita sisi, kuna lami, murram au udongo mweusi? Ni aina gani ya madigadi inatufaa?
2. Leteni baiskeli tatu na penseli moja. Ni ngapi zina nafasi ya madigadi kamili?
3. Je, fundi wetu anapima kabla ya kuuza? Tunaweza kumsaidiaje aanze?

Penseli ni ya shilingi chache. Mkono uliovunjika humkalisha mtu nyumbani wiki nyingi, na watoto wanataka kula. Tupime kwanza.