Besi imepotea baada ya kubadilisha spika

Swali: Fundi, nilibadilishiwa spika za milango kwenye matatu yangu. Kelele ipo, besi imekwisha. Je, wufa imeungua? (Dereva, Ekerenyo)

Jibu: Ndugu dereva, usinunue wufa bado. Kwa kuwa shida ilianza baada ya kazi hiyo, nashuku nyaya za spika moja zimegeuzwa, chanya ikaingia kwa hasi. Hapo spika moja husukuma hewa wakati nyingine inaivuta, na mawimbi mazito ya besi yanafutana. Sauti nyembamba haziathiriki sana. Peleka balansi yote upande mmoja. Besi ikiongezeka, ndiyo hiyo: zima redio, geuza nyaya za spika moja, si zote mbili.

Ikikataa, tazama swichi ya amplifaya. Wufa hutaka LPF, yaani kichujio kinachopitisha sauti nzito, karibu hezi 80. HPF huikata besi. Kagua pia waya mweusi wa amplifaya uliofungwa kwenye bodi, maana kwa mvua za Nyamira kutu haikawii. Toa hasi ya betri, kwaruza mpaka chuma king'ae, kaza upya.

Mwisho kabisa, chomoa wufa uipime kwa mita. Ya omu 4 husoma kati ya 3 na 4. Isiposoma chochote, koili imekatika.