Kabla hujanunua kifaa cha muziki, nyimbo zako ziko wapi?

Haya wadogo zangu, leo mapenzi na mawifi tuyaweke pembeni. Kuna mdogo wetu wa Morogoro zamu yake ya mchezo imefika, kijumbe keshamkabidhi pesa, na anataka kuzimaliza zote kwenye kifaa cha kusikilizia muziki tu. Hakipigi simu, hakina WhatsApp, kazi yake kupiga nyimbo zilizomo kwenye memori kadi. Wenzake wa kazini wanamcheka: kwani simu yake haina nyimbo?

Mimi simcheki. iPod ya Apple, iliyotoka 2001, ilisitishwa 2022 na wengi wakadhani habari ya vifaa hivi imekwisha. Wapi! Sony bado wanatengeneza Walkman, ila sasa ni za kuhifadhi mafaili, kaseti zilishapita. Kuna Astell&Kern wa Korea Kusini na FiiO wa China. Ipo hata Walkman moja, NW-WM1ZM2, ambayo mwili wake ni shaba iliyopakwa dhahabu, na ilipotoka iliuzwa zaidi ya dola 3,500. Hiyo tuwaachie wenye nazo. Vile vidogo vya kawaida vinapatikana hata chini ya dola 100.

Kwa hiyo kifaa si upuuzi. Ila nina swali moja, na usipokuwa na jibu lake, pesa zako zirudi kwenye pochi: nyimbo zako ziko wapi?

Kama unategemea yule kijana wa stendi mwenye kompyuta, anayekuingizia nyimbo mia kwa bei ya soda, tulia kwanza. CD hubeba sauti kwa kilobiti 1,411 kila sekunde. MP3 nyingi za mtaani zina kilobiti 128. Hapo karibu sehemu tisa katika kumi za data zimeshatupwa. Wajerumani wa Fraunhofer walioshiriki kuibuni MP3 hawakuwa wajinga. Walichagua kutupa yale ambayo sikio halina habari nayo, na kwa kilobiti 320 wengi wetu tukifungwa macho hatutambui kilichopungua. Kwa 128 unatambua. Sikiliza taarabu ya kikundi kizima: makofi ya watazamaji yanageuka mchakacho, nyuzi za ganuni zinapoteza makali yake, fidla nne unazisikia kama moja yenye mafua. Ukiucheza wimbo huo kwenye kifaa cha dola 1,000, utakachopata ni mafua yaleyale, safari hii yamenyooka vizuri.

Faili unazozitaka ni za FLAC. Nazo zimebanwa, lakini hakitupwi kitu. Zikifunguliwa, sauti inarudi yote kama ilivyokuwa kwenye CD. Wimbo wa dakika nne kwenye CD ni kama MB 42, ukiwa FLAC mara nyingi unashuka hadi MB 25 au 30, wakati ile MP3 ya 128 haifiki hata MB 4. Memori kadi ya GB 128 inakutosha nyimbo 4,000 na ushei za FLAC, kwa hiyo nafasi isiwe kisingizio.

Na wajanja wameshaliona soko. Wanachukua MP3 ileile mbovu, wanaigeuza iwe FLAC, inanenepa, unauziwa kwa bei ya juu. Kilichotupwa hakirudi. Kuna programu ya bure ya kompyuta iitwayo Spek, inachora sauti ya faili juu hadi chini. FLAC inayotokana na MP3 ya 128 mara nyingi utauona mchoro wake umekatika ghafla kwenye kilohezi 16 hivi, juu yake pakavu. Ukiona hivyo, muulize aliyekuuzia.

Za halali utazipata wapi? Anzia nyumbani. CD za baba zilizo kabatini ni mali. Tafuta diski draivu ya kuchomeka kwenye kompyuta, weka programu ya Exact Audio Copy, ni ya bure kwa matumizi ya nyumbani, unakili zote kuwa FLAC. Za kununua zipo Bandcamp, duka la mtandaoni, ambako wakikuuzia albamu unachagua mwenyewe aina ya faili. Wapenzi wa mambo ya pwani tafuteni mfululizo wa Zanzibara wa Buda Musique ya Ufaransa: juzuu ya kwanza ni Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanzishwa Unguja mwaka 1905, na ya pili ni taarabu ya Mombasa ya 1965 hadi 1975. Rekodi za miaka hiyo zina mvumo wa tepu, na kifaa kizuri kitakuonyesha mvumo huo vizuri tu. Msikasirike. Mimi naupenda.

Sasa kama nyimbo zako zote unazisikiliza kwa bando, huna hata moja iliyo yako, kifaa hiki hakikuhusu bado. Apple Music wanatoa nyimbo zisizopunguzwa tangu 2021 bila kuongeza ada, na simu yako inazipiga. Na simu isiyo na tundu la hedifoni, nunua kile kikebo kifupi cha USB-C. Cha Apple huko Marekani ni dola 9, na ndani yake mna DAC, yaani kile kipande kinachogeuza namba kuwa sauti. Angalieni, vikebo vingine vya bei chee havina kitu ndani na kwenye baadhi ya simu havitoi hata mlio.

Nikija kwenye hedifoni, hapa ndipo nataka mnisikilize kwa masikio yote mawili. Watu wananunua kifaa cha maana halafu wanakiunganisha na vile vidude vya Bluetooth. Mdogo wangu, ukishatumia Bluetooth, kazi ya kugeuza namba kuwa sauti inafanyika ndani ya kidude cha sikioni. DAC uliyoilipia imekaa bure. Hata LDAC ya Sony, ambayo ni miongoni mwa njia bora za Bluetooth, kikomo chake ni kilobiti 990, na CD nimeshawaambia ni 1,411. Kwenye daladala Bluetooth inatosha kabisa. Lakini usinunue kifaa kwa ajili yake. Nusu ya bajeti, au zaidi, iende kwenye hedifoni za waya, na usichukue zile za besi inayotikisa fuvu, zinaufunika udi wote.

Namba kama 24-bit na kilohezi 192, za faili zinazotangazwa kuwa bora kuliko CD, zisikupeleke mbio. CD inabeba sauti hadi kilohezi 22, na sikio la binadamu, tena la kijana, linaishia kama 20. Sisi wa umri wangu ni chini ya hapo, tusidanganyane.

Jambo moja la kiafya. Vifaa hivi vingi vina nguvu kuliko simu, na sauti safi haikwaruzi, kwa hiyo unaongeza bila kujua. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 mwisho ni saa 40 kwa wiki; zikifika 90, saa 4 tu. Chagua hedifoni zinazoziba sikio vizuri, hutashindana na makelele ya konda. Na ukiwa juu ya bodaboda, vua.

Siku ya kununua, ushauri wangu ni uchukue kisicho na Android. Chenye Android kinapendeza, ila baada ya miaka michache programu zinakikataa wakati kifaa chenyewe bado kizima. Memori kadi usinunue barabarani. Zipo zinazoandikwa GB 512 na ndani hamna hata GB 16, na nyimbo zikizidi hapo zinapotea. Ijaribu kwa programu ya H2testw kabla hujaijaza. Kifaa cha mtumba, angalia kama kimevimba mgongoni, hiyo ni betri, kisha chomeka waya utikise kidogo usikie kama upande mmoja unakatika. Nenda na hedifoni zako na wimbo unaoujua kwa moyo. Muuzaji akikukatalia kujaribu, muage kwa adabu uondoke.