Leseni Bure, Msaada kwa Hesabu: Mafunzo Niliyopata Koni

Koni, huku Katanga nchini Congo, inajulikana kwa kituo cha umeme kilichojengwa na kampuni ya migodi ya Union Minière kwenye mto Lufira, chini ya kile cha Mwadingusha. Mimi riziki yangu hapa ni kompyuta: za kituo cha afya, za shule, na za ofisi kadhaa mjini Likasi. Karibu zote zinaendeshwa na programu huria. Leseni hailipiwi, fundi akikwama ndipo hesabu inapoanza.

1. Jumuiya humjibu anayejua kueleza

Ukiandika "mashini haiwaki" kwenye jukwaa la jumuiya ya watumiaji, utaambulia kimya. Ukitaja toleo la programu, ukanakili maneno ya hitilafu yalivyo, ukaeleza ulichokwisha kujaribu, atatokea mtu Brazili au Ujerumani akujibu bila hata kujua Koni iko wapi. Gharama yake ni mega za intaneti, na lugha. Sisi tumesomea Kifaransa. LibreOffice na Ubuntu zina wasaidizi wengi wa Kifaransa, lakini tatizo likiwa gumu, jibu mara nyingi liko kwa Kiingereza, na hapo najikongoja.

2. Mkataba unauza muda

Ofisi moja ilikuwa inailipa kampuni ya mbali kwa msaada wa hifadhidata yake. Mkataba ulisema jibu litapatikana ndani ya saa nne. Hifadhidata ilipokwama, jibu lilifika kweli, tena mapema: waliomba waingie kwenye seva kupitia intaneti wajionee. Umeme ulikuwa umekatika, mtandao nao umekwenda. (Ndiyo, hata huku kwenye mitambo umeme hukatika, ilhali nyaya nene zinapita juu yetu kwenda migodini.) Kampuni haikuvunja neno lake hata kidogo. Iliahidi kujibu, haikuahidi kutengeneza. Aliyetengeneza ni kijana wa mtaa wa Panda, Likasi, aliyekuja kwa pikipiki na nakala ya akiba kwenye diski, kisha akasubiri umeme pamoja nasi.

Tangu hapo, nikipewa mkataba nisome, natafuta kwanza mstari unaosema nani atafika, na kwa njia gani.

3. Uliza nani anashika ufunguo

Mafundi wengi tulipenda CentOS: ilitokana na msimbo uleule wa mfumo ambao kampuni ya Red Hat huuza pamoja na msaada, ila yenyewe ilikuwa ya bure. Tukaiita ya jumuiya. Lakini mradi huo ulikuwa mikononi mwa Red Hat tangu 2014, na Desemba 2020 ikatangazwa kwamba CentOS 8, iliyotarajiwa kutunzwa hadi 2029, ingekoma mwisho wa 2021. Waliokuwa wameiweka juzi tu walishika vichwa. Hata hivyo msimbo ulikuwa wazi, kwa hiyo katika 2021 hiyohiyo wengine walitoa mifumo mbadala ya AlmaLinux na Rocky Linux, na seva zikahamishwa bila kuanza upya. Programu iliyofungwa isingetupa mlango huo.

4. Zipo programu zinazosimama katikati

DHIS2, programu huria ambayo vituo vya afya vya Congo huitumia kupeleka takwimu, inaongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, inagharimiwa na wafadhili, na ina timu ya mtandao wake wa HISP mjini Lomé, Togo, kwa nchi zinazosema Kifaransa. Muuguzi wetu hailipii chochote, na bado kuna watu ambao kumjibu ni kazi yao ya mshahara. Ni mpango mzuri, maadamu wafadhili wapo.

5. Lipa palipo na hasara

Mteja akiniuliza achague msaada upi, wa jumuiya au wa kulipia, nami namuuliza: mashini hii ikilala siku tatu, nani atapiga kelele? Ya shule inaweza kungoja jumuiya. Ya mishahara haiwezi. Hiyo namshauri alipie, akianza na fundi wa Likasi. Kampuni ya nje nayo ina kikwazo kingine: inataka kadi ya benki, na wateja wangu wengi wana dola taslimu na M-Pesa.